Mwaka wa Gari la Bi Nuru

Walinipa maikrofoni nikiwa bado na chai mdomoni. Emsii alisema, "Sasa tumsikie Nyar Asumbi, yule msichana wa gari la gesi," na watu chini ya hema wakacheka kidogo, kile kicheko cha heshima kinachoruhusiwa mazishini, kwa sababu hadithi yenyewe wote waliijua, au walidhani wanaijua. Msemaji wa kwanza alikuwa ameshaisimulia, na mwingine akaisimulia tena akiitia chumvi: jinsi marehemu Fundi Okumu alivyonusa hatari akiwa mbali, akaniita, akaniambia kimbia Nyar Asumbi, kimbia ukamwokoe mama wa watu. Jeneza lilikuwa mbele yangu, limefunikwa kitambaa cheupe. Mjane wake, Mama Pamela, alikaa kando ya jeneza ameinamisha kichwa. Nyuma kabisa, peke yake kwenye kiti cha plastiki, alikaa Swaleh mwenye duka la vitambaa pale Migori, kofia kichwani, ndevu zimekuwa nyeupe, na nje ya lango niliona gari lile la kijani limesimama juani. Swaleh alijua kwamba hadithi ile si ya kweli. Mimi nilijua. Na mtu wa tatu aliyejua alikuwa ndani ya jeneza.

Sasa mimi ni mama mtu mzima, nina gereji yangu Homa Bay na mgongo unaonidai kila asubuhi. Lakini mwaka ule nilikuwa msichana wa Asumbi, ndiyo maana ya Nyar Asumbi, aliyemaliza kozi ya ufundi wa magari na kukataliwa na kila gereji kutoka Rongo hadi mpakani. Fundi Okumu wa Migori alinichukua kwa sababu, alivyosema mwenyewe bila aibu, mikono yangu ilikuwa myembamba na AC za magari zinakaa mahali pembamba. Alinipa chumba nyuma ya nyumba yake, chumba cha mabati kilichoshikana na jiko la mkewe. Kati ya kitanda changu na sufuria za Mama Pamela palikuwa na bati moja tu, kwa hiyo nilijua kinachopikwa kabla hakijaiva, na nilijua wanachogombania kabla hakijaisha. Tulikula pamoja mezani kwao: omena, dagaa wa ziwani, iliyokaangwa kwa nyanya, sukuma, ugali mgumu unaosimama wenyewe, na Jumapili samaki wa ngege kutoka Sori. Fundi alikula haraka, kimya, kisha akatazama sahani yangu na kuuliza kama nyumbani kwetu watu hula kwa kijiko cha dawa. Nilimpenda mtu yule. Nasema hivyo mapema ili anayesoma asije akanielewa vibaya baadaye.

Kitu cha kwanza watu walichojua juu yake ni mkono wake wa kulia. Pikapu za wachimba dhahabu wa Osiri zilikuja kwetu na nati zilizoganda kwa kutu na matope, nasi wengine tulitafuta paipu ndefu ya kuongezea spana nguvu. Yeye alishika spana tupu, akatulia kidogo, na nati ikalia ikafunguka. Nyumbani ilikuwa shida. Jioni alipofunga valvu ya mtungi wa gesi ya kupikia, aliifunga hivi kwamba asubuhi mimi na Mama Pamela tulipokezana kuizungusha tukashindwa wote wawili, ikabidi aitwe, sabuni ya kunyolea ikiwa bado mashavuni. "Nyinyi wanawake wa hii boma mnakula chakula inaenda wapi?" alikuwa akiuliza, na mkewe akimjibu kwamba inaenda kwenye kumvumilia.

Gari lile la kijani lilikuwa la Kijerumani, kubwa, la zamani, lenye viti vya ngozi vilivyokuwa vimepasuka kidogo pembeni na mlango unaojifunga kwa sauti nzito ya kistaarabu. Swaleh alilinunua likiwa limeshatumika sana na akalitunza kama mali ya mama yake, na kwa kweli lilikuwa la mama yake. Bi Nuru alikuwa ameugua figo. Kila wiki ilibidi apelekwe Homa Bay kusafishwa damu, na barabara ile yenye joto ilimmaliza kabla hata hajafika. Wakifungua madirisha, vumbi lilimkaba; wakiyafunga, alizimia. Mara moja pale Rodi walilazimika kumlaza chini ya kibanda cha muuza mahindi na kummwagia maji usoni. Ndipo Swaleh alipolileta gari kwetu, na Bi Nuru mwenyewe ndani yake, amevaa buibui linalonukia udi, ameketi wima. Alikuwa ametoka pwani akiwa bibi harusi, na Kiswahili chake kilitufanya sote gerejini tuone haya kufungua vinywa. Alimwambia Fundi, "Mwanangu, mimi sitaki mbio wala muziki. Nataka baridi tu, nifike huko nikiwa hai." Fundi akaweka mkono wake wa kulia kifuani. "Mama," akasema, "utasafiri ndani ya baridi. Hiyo niachie mimi."

Ahadi hiyo ndiyo iliyotuponza. Tulipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha paipu tulichoweza kukifikia, kutafuta gesi ya AC ilipovujia, na povu halikutoa hata kipovu kimoja. Maana yake ni kwamba gesi ilikuwa inavujia ndani, kwenye evapureta, kile kibati chenye mapezi membamba kinachopoza hewa kabla haijatoka kwenye matundu mbele ya abiria. Kwenye gari lile evapureta ilifichwa nyuma ya dashibodi kama watu wanavyoficha hirizi. Ili uione lazima utoe usukani, redio, matundu, taa, na hatimaye dashibodi nzima, na gari likiwa la umri ule, kila klipu ya plastiki unayoigusa inataka kuvunjika. Fundi hakuwa amewahi kufanya kazi hiyo hadi mwisho. Hakusema hivyo, alisema evapureta mpya itachukua muda kupatikana, na mama hawezi kungoja. Kwa hiyo akajaza gesi mpya bila kuziba palipovuja. Bi Nuru akaenda Homa Bay na kurudi akiwa anatabasamu, akamletea Fundi haluwa kwenye sahani. Baada ya siku chache baridi ikaisha, akajaza tena. Mji mzima ukaanza kusema kwamba hakuna anayejua AC kama Okumu, na lori za mahindi kutoka Ntimaru, zisizokuwa hata na AC, zikaanza kusimama kwetu kwa sababu ya jina tu.

Kisha gesi ya magari ikakosekana Migori. Iliyokuwa ikitoka Kisumu haikuja, na siku ya kliniki ikafika. Siku ile Bi Nuru alisafiri ndani ya baridi kali kuliko zote zilizotangulia, na mimi nilishangaa tu, nikadhani Fundi ana akiba mahali. Wiki iliyofuata nilikuwa chumbani, ni mchana, nimerudi kubadilisha shati lililomwagikiwa na mafuta, nikamsikia Mama Pamela upande wa pili wa bati.

"Okumu, gesi imeisha tena. Juzi tu si tulijaza?"

"Unapika sana."

"Napika sana nini? Omena? Mimi nimeona huo mtungi ukitoka hapa ndani ya gunia. Kwani huko gereji mnapika chapati?"

"Washa makaa," Fundi akasema. "Na usiniulize mambo ya kazi."

Nilisikia mlango, halafu nikamsikia Mama Pamela akipepea jiko la makaa kwa kifuniko cha sufuria huku akisema peke yake maneno ambayo siyaandiki. Nilikaa kitandani na kifungo kimoja cha shati mkononi. Nilikuwa nimesikia kwenye kozi kwamba kuna mafundi wanaojaza AC kwa gesi ya kupikia, kwamba inapoza vizuri sana, na kwamba mwalimu wetu alipoulizwa ubaya wake ni nini aliwasha kiberiti akakizima bila kusema neno. Lakini sikutaka kuamini. Mtu aliyekupa chumba na sahani humfikirii hivyo kwa sababu ya mtungi uliotembea. Nilijiambia labda amemwazima mchomeleaji, nikafunga kifungo, nikarudi kazini.

Asubuhi ya kliniki iliyofuata Swaleh alikuja mapema na gari, madirisha yote yamefunguliwa, uso umekunjamana. "Fundi, gari hili lanuka," akasema. "Lanuka kama kitunguu kilichooza. Jana usiku lililala limefungwa, leo nafungua mlango, nusura nitapike." Nilikuwa karibu, nikaingiza kichwa ndani. Harufu ile niliijua kabla pua haijamaliza kuivuta. Ilikuwa harufu ya jiko la Mama Pamela asubuhi tunaposhindwa na valvu, harufu inayotiwa kwenye gesi ya kupikia makusudi ili mtu ashtuke. Nilimtazama Fundi. Naye alikuwa ananitazama mimi, si gari.

"Ni vumbi imelala ndani ya paipu," akamwambia Swaleh. "Mkitoka Homa Bay nitasafisha."

"Haya. Mama naye amesema hapandi gari lenye uvundo. Atalifukiza kwanza. Ameshawasha makaa, ataweka chetezo ndani, afunge milango mpaka moshi wa udi ushike viti, ndipo tuondoke." Akapandisha vioo, akawasha ile baridi, akaondoka. Nami nikabaki nimesimama nikiona jambo lenyewe lote kwa mara moja: gesi inayovuja ndani ya gari lililofungwa, na kwa sababu gesi hiyo inanuka, mama mgonjwa analetewa moto wa kuifukuza harufu yake.

"Hiyo ni gesi ya Mama Pamela," nikasema.

"Ling'," akanijibu. Nyamaza. Alisema kwa sauti ya chini, kwa Dholuo, kama mtu anayemkanya mtoto kanisani.

"Mpigie simu Swaleh. Namba yake unayo."

"Nimpigie nimwambie nini? Nimwambie Okumu anaweka gesi ya jikoni kwa gari ya watu? Imefika Homa Bay ikarudi, hakuna kitu imefanyika."

"Siku hiyo hakukuwa na makaa ndani."

Niligeuka niondoke, na hapo akanishika. Alinishika kifundo cha mkono kwa mkono ule wa kulia, na nilihisi mifupa yangu ikikutana. Hakuwa na hasira. Ningependelea angekuwa na hasira. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeona nyumba yake inabebwa na maji. "Ukienda kule umenimaliza," akasema. "Mimi nimekuweka kwa nyumba yangu. Umekula kwa meza yangu. Ukienda, hakuna mtu ataleta hata baiskeli hapa." Nilimwambia aniachilie. Alisema tena ling'. Niliogopa sana, nasema kweli, na si kwa ajili ya Bi Nuru peke yake. Niliogopa kwamba nitamtii. Nilivuta, nikauzungusha mkono, nikavuta tena, na nikaponyoka. Hivyo ndivyo nilivyojua kwa miaka yote hii: niliponyoka.

Nilirukia bodaboda ya kwanza niliyoiona, na yule kijana akaanza kuniuliza nalipa au nakimbia polisi. Sikumjibu hadi tulipofika kwa Swaleh. Lango lilikuwa wazi. Gari lilikuwa uani, limefungwa milango yote, na Bi Nuru alikuwa ameketi kwenye kigoda kando yake, chetezo mapajani juu ya kitambaa kilichokunjwa, anapepea makaa kwa kipepeo cha ukindu. Makaa yalikuwa mekundu kabisa. Kila alipopepea, cheche ndogo ilipanda na kuzima. Swaleh alikuwa ndani ya nyumba anatafuta kadi za hospitali. Nilimsikia akifungua na kufunga makabati. Na mimi, nikiwa nimekimbia na roho mkononi, mdomo wangu ukafanya ulichofundishwa kufanya mbele ya mtu mzima. Nikasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akaacha kupepea kwa adabu ya kunijibu. "Mbona wahema hivyo? Fundi hajambo?"

"Hajambo."

"Na mkewe?"

"Hajambo, Bi."

"Alhamdulillahi. Basi nifungulie huo mlango, niweke chetezo hiki ndani. Mikono yangu imejaa." Akainuka polepole, mkono mmoja umeshika kigoda, mwingine makaa. Akapiga hatua moja kuelekea gari. Aliponyoosha mkono mwenyewe kwenye kitasa, kwa kuwa mimi nilikuwa nimesimama tu kama gogo, nilimnyang'anya chetezo. Sikukiomba. Nilikinyakua kutoka mkononi mwa mwanamke mzee, mgonjwa, ndani ya uwanja wake mwenyewe, nikakimbia nacho hadi kwenye bomba la maji na kumwaga makaa, udi na yote. Moshi mweupe ukanipanda usoni. Kiganja changu kiliungua, na alama yake ninayo hadi leo chini ya kidole gumba.

Swaleh akatoka. "Wafanya nini wewe? Una wazimu?"

"Gari lina gesi."

"Gesi ya AC twaijua, tumeilipia."

"Si ya AC," nikasema. "Ya jikoni."

Bi Nuru alilitazama gari, kisha akatazama mkono wake mtupu, ukiwa bado umekunjwa kama umeshika chetezo. Swaleh alianza kuja kwangu akiuliza nani, nani aliyeweka, nami nikafumba mdomo, kwa sababu nilikuwa nimeshasema nusu iliyookoa mtu, na nusu iliyobaki sikujua kama ni yangu kuisema. Hapo tukasikia pikipiki nyingine langoni. Fundi Okumu alishuka akiwa na ovaroli yake ya kazi, hakunitazama, hakumsalimu mtu. Alifungua milango minne ya gari mmoja baada ya mwingine, akafungua na buti, akarudi nyuma. Harufu ikatufikia sote. Kisha akaenda akasimama mbele ya Bi Nuru, mikono ikining'inia.

"Mama, ni mimi," akasema. "Nilikuahidi baridi, na gesi ya ukweli haikuwako. Nikaweka ya kupika."

"Wewe hukujua yaua?"

"Nilijua."

Swaleh alimshika kola. Bi Nuru akamwambia mwanawe amwachie, na kwa muda mrefu akamtazama Fundi kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Ungalinambia huna gesi," akasema hatimaye, "ningalikwenda na joto langu. Mimi nimezoea joto. Uongo sijauzoea." Akageuka kwangu, akanitazama kiganja. Halafu akasema jambo ambalo sijawahi kusikia likisemwa tena gerejini popote. "Gari hili litatengenezwa sawasawa. Atalitengeneza huyu msichana. Na wewe, Okumu, utamshikia taa." Siku ile alipelekwa Homa Bay kwa gari la jirani, madirisha wazi, kitambaa chenye maji kichwani, na mimi sikuweza kula chochote hadi niliposikia amerudi.

Evapureta mpya ilifika kwa basi la Nairobi ndani ya boksi lililopondeka kona. Kabla haijafika tulikuwa tumesukuma gari uwanjani, mbali na kila moto, tukaitoa ile gesi polepole kwenye upepo na kukata betri. Kisha tukalirudisha gerejini, nikaanza kulivua dashibodi, na Fundi Okumu akanishikia taa. Kila klipu niliyoigusa nilingoja ivunjike, na nilihisi mwanga wa taa ukitulia juu ya vidole vyangu hata ulipokuwa si wa lazima. Niliandika kwa chaki sakafuni kila skrubu ilikotoka. Nilipokwama kwenye boliti ya usukani, nilinyoosha mkono bila kumtazama, akanipa spana, ikakataa. Nilijaribu tena. Angeweza kuifungua kwa pumzi moja, na sote wawili tulilijua hilo, lakini aliambiwa ashike taa, akashika taa. Nilitumia paipu. Tulipoifikia ile evapureta ya zamani, ilikuwa imejaa majani makavu na vumbi la miaka, na pembeni kwenye bati lililoliwa palikuwa na doa la mafuta ya kijani, dogo, kama alama ya kidole cha mtoto, pale pale gesi ilipopenyea. Doa lile ndilo lililotaka kumuua Bi Nuru. Fundi aliliweka chini ya taa, akaligusa kwa kidole, akakifuta kidole kwenye ovaroli.

Tulirudisha kila kitu na pete mpya za mpira zilizopakwa mafuta, nikafunga pampu ya kuvuta hewa, tukaiacha ikinguruma hadi geji ikashuka chini kabisa. Kisha nikafunga valvu na kuizima pampu. Hapo ndipo kazi yote inapohukumiwa: ukizima pampu na mshale ukaanza kupanda, hata kwa unyoya, kuna mahali bado panavuja, na unalivua gari upya. Tulichuchumaa wawili mbele ya kioo kile kidogo. Nje watu wa soko walikuwa wanafunga vibanda, mtu mmoja anaita mbuzi wake. Niliutazama mshale hadi macho yakaanza kuudanganya, nikadhani umepanda, nikadhani umeshuka. Nilikuwa nataka kulia kwa sababu zisizohusu gari. Jua lilikuwa limeshaanza kuondoka kwenye uwanja wetu Fundi aliposema, "Haijasonga." Lilikuwa neno la kwanza aliloniambia tangu siku ya chetezo ambalo halikuwa jina la spana.

Hakuniomba msamaha, wala hakunifukuza. Mezani alinipitishia chumvi. Mama Pamela alianza kuniwekea kichwa cha samaki, sehemu ambayo katika nyumba ile ilikuwa ya Fundi, na Fundi akaona na kuendelea kula mkia. Gesi halisi ilipofika kutoka Kisumu tulilijaza gari, na Bi Nuru akasafiri ndani ya baridi yake tena, wiki baada ya wiki, hadi Mungu alipomchukua akiwa kitandani kwake, amelala. Ilipofika mwisho wa mwaka, gari la AC likiingia gerejini Fundi alisema tu, "Mpelekee Nyar Asumbi," bila kuinua kichwa, na kwa sentensi hiyo ndipo nilipopata ufundi, na baadaye wateja, na baadaye gereji. Hadithi ya kunituma nikimbie sijui nani aliianzisha. Huenda ni watu wa soko waliotuona tukifuatana kwa pikipiki. Yeye hakuikana, nami niliiacha, ikakua.

Kwa hiyo nilisimama pale na maikrofoni, na watu wakingoja niisimulie kama wanavyoipenda. Nilizungumza Kiswahili ili Swaleh asikie kila neno. Nilisema Fundi Okumu hakunituma. Nilisema alinishika mkono anizuie, kwa sababu aliogopa, nami niliponyoka nikaenda. Binti yake Pamela aliniangalia kama nimetema mate juu ya jeneza. Moyo ulinipiga hata nikawa nausikia ndani ya spika. Nikasema kwamba hakuna aliyemtaja jina pale uani, kwamba angeweza kukaa gerejini na kukana, na badala yake alikuja mwenyewe, akafungua milango, akasema mbele ya mama wa watu kwamba ni yeye. Nikasema nimefanya kazi na wanaume wengi tangu wakati ule na sijamwona mwingine aliyeshika taa. Kisha nikarudisha maikrofoni. Hakuna aliyepiga makofi. Emsii akaita kwaya.

Baada ya kuzika, jua likiwa kali, Mama Pamela alianza kuyumba kwenye kiti. Swaleh ndiye aliyesema aletwe kwenye gari akapumzike. Bibi mmoja akaanza kunung'unika kwamba mjane haingii nyumba ya mtu kabla siku zake hazijaisha, na Mama Pamela, na uchovu wake wote, akamwambia gari si nyumba. Nilimsaidia kukaa kwenye kiti cha mbele, nikaingia upande wa usukani, nikawasha. Baridi ikatoka kwenye matundu yale yale niliyoyatoa na kuyarudisha kwa mkono wangu. Akafumba macho. Nilitaka kumwomba radhi kwa niliyoyasema mbele ya mume wake, nikakosa pa kuanzia.

"Hainuki," akasema.

"Hainuki, Mama."

"Umesema ulitoroka kwa mkono yake."

"Ndiyo. Nilivuta."

"Ulivuta." Akafungua macho, akautazama mkono wangu juu ya usukani, halafu akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona kitu kama kicheko kinatafuta njia usoni mwake. "Nyar Asumbi, mimi na wewe tulikuwa tunashindwa kufungua mtungi wa gesi. Kila asubuhi. Wawili. Kitu ameifunga na hiyo mkono, tulikuwa hatuwezi. Sasa siku hiyo wewe ulivuta aje?"

Nilikuwa nahisi kifundo cha mkono wangu, mahali pale pale, vidole vile vikikibana, halafu, sasa nilipokumbuka bila haraka, vikiwa havikibani tena.

"Alikuambia?" nikamuuliza.

"Aniambie nini? Okumu alikuwa mtu wa kuambia watu?" Akaegemeza kichwa kwenye kiti cha Bi Nuru. "Alikuachilia, mtoto wangu."

Tulikaa hivyo, wanawake wawili ndani ya gari lililofungwa vioo, na watu nje wakipita na viti vya plastiki vichwani. Baadaye nikanyoosha mkono, nikapunguza baridi, kwa sababu alikuwa ameanza kutetemeka, na mimi pia.